Kivinjari kinachogandisha kompyuta: pima kwanza ndipo utibu

Mkuu, umesema una HP EliteBook 840 G1 ya mtumba, prosesa i5-4300U, RAM (kumbukumbu ya muda ambamo programu hufanyia kazi) GB 4, diski ya kuzunguka ya GB 500 na Windows 10. Ukifungua Chrome na vichupo kama kumi, feni inavuma, kipanya kinagoma na mashine nzima inaganda. Umefuta akiba (cache, yaani nakala za kurasa ambazo kivinjari huhifadhi) na historia mara kadhaa, hali ni ileile, na fundi amekushauri ununue laptop nyingine. Usinunue bado.

Kufuta akiba hakukusaidia kwa sababu akiba hukaa kwenye diski, na kwa maelezo yako kinachoelekea kujaa ni RAM. Tena kunakutia hasara: ukishaifuta, picha na skripti za tovuti unazofungua kila siku zinapakuliwa upya, bando linakwisha haraka na kurasa zinachelewa zaidi. Futa akiba pale tu tovuti fulani inapofunguka vibaya.

Sasa pima. Fungua Chrome na vichupo vyako vya kawaida, subiri izidiwe, kisha bonyeza Ctrl+Shift+Esc ili ifunguke Task Manager ya Windows. Ikitokea dirisha dogo, bofya "More details", halafu nenda "Performance" na uchague "Memory". Usiishie kuangalia asilimia. Tazama mstari wa "Committed", una namba mbili, kwa mfano 6.9/8.2 GB. Ya kwanza ni kumbukumbu ambayo programu zote zimeshaahidiwa, ya pili ni kikomo, yaani RAM pamoja na faili la ziada ambalo Windows hulitenga kwenye diski. Namba ya kwanza ikiipita RAM yako kwa GB 2 au 3, basi huenda kuna data inayohamishwa kati ya RAM na diski kila unapobadili kichupo. Diski ya kuzunguka ni nzito mno kwa kazi hiyo. Utaona "Disk" imekwama 100% huku CPU (yaani prosesa) ikiwa na nafasi tele, na hapo ndipo kipanya kinapoganda. Windows 10 yenyewe pamoja na antivirus yake hula karibu GB 2 kabla hujafungua chochote, kwa hiyo Chrome inagombania kilichobaki.

Ukikuta kinyume chake, yaani CPU ipo 90 au 100% na diski imetulia, tatizo si RAM, na kuongeza RAM itakuwa kupoteza hela. Ndiyo maana nasisitiza kupima.

Hatua inayofuata ni kumjua mlaji. Ukiwa ndani ya Chrome bonyeza Shift+Esc. Litafunguka dirisha la Chrome yenyewe linaloorodhesha kila kichupo na kila kiendelezi (programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari) kwa jina lake. Bofya juu ya safu ya kumbukumbu ili vikubwa vije juu. Kwenye Firefox andika about:processes kwenye sehemu ya anwani. Utashangaa kuona mistari mingi inayoanza na "Subframe" yenye majina ya tovuti ambazo hukuzifungua. Hayo mara nyingi ni matangazo na vifuatiliaji vilivyopachikwa ndani ya ukurasa. Tangu 2018 Chrome ya kompyuta hutenga kila tovuti kwenye mchakato (process) wake ili tovuti moja isichungulie data ya nyingine, na fremu (vipande vilivyopachikwa ndani ya ukurasa) zilizotoka tovuti nyingine zinatengwa vilevile. Usalama umeongezeka, ila ukurasa mmoja wa habari uliojaa matangazo unaweza kubeba michakato kadhaa. Kwenye mashine ya GB 4, kizuia matangazo kizuri kinaleta nafuu kuliko mpangilio wowote utakaougusa: uBlock Origin Lite kwa Chrome, au uBlock Origin kamili kwa Firefox. Weka kimoja tu. Ukiweka vitatu vitakula RAM mara tatu na vitagongana.

Kwenye dirisha hilohilo soma safu ya CPU kwa uangalifu, kwa sababu Chrome huhesabu 100 kuwa ni uwezo wote wa uzi mmoja (thread, yaani njia moja ya kufanyia kazi) wa prosesa. i5-4300U ina viini 2 na nyuzi 4, hivyo kichupo kinachoonyesha 100 ndani ya Chrome kitaonekana kama 25% kwenye Task Manager ya Windows. Kichupo kinachobaki kwenye 100 hata usipokigusa kina skripti isiyotulia. Kichague, bofya "End process", na usiirudie tovuti hiyo bila kizuia matangazo.

Viendelezi navyo vina kipimo chake. Fungua dirisha la mgeni (bofya picha ya wasifu wako juu kulia, kisha "Guest") na ufungue tovuti zilezile. Dirisha la mgeni halina kiendelezi chochote. Likienda vizuri huku la kawaida likigoma, mkosaji yumo ndani ya wasifu wako. Nenda chrome://extensions, zima vyote, halafu washa kimoja kimoja. Vile vya kubadili mandhari, vya kuponi na vya kupakua video ndivyo vya kushuku mwanzo. Ukiona pia maandishi ya "Managed by your organization" kwenye kompyuta yako binafsi ambayo haijawahi kusimamiwa na ofisi, fungua chrome://policy uone ni sheria gani imewekwa. Baadhi ya antivirus huweka sheria kihalali, lakini sheria inayolazimisha kiendelezi usichokijua ni dalili ya programu hasidi, na hapo kufuta kiendelezi peke yake hakutoshi kwa sababu kitarudi. Ichunguze mashine yote kwanza.

Mipangilio ya Chrome yenye manufaa ya kweli ni michache. Ingia chrome://settings/performance uwashe "Memory Saver", ambayo hulaza vichupo usivyovitumia. Weka WhatsApp Web kwenye orodha ya tovuti zisizolazwa, la sivyo arifa zinaweza kukatika. Kisha chrome://settings/system uzime "Continue running background apps", kwa sababu bila hivyo Chrome inaweza kuendelea kula RAM hata baada ya kuifunga.

Kuna ushauri unaosambaa sana kwamba uzime "graphics acceleration". Sikubaliani nao. Ukiizima, kazi ya kuchora kurasa na kufungua video inahamia kwenye prosesa, na feni itavuma zaidi. Izime endapo tu kioo kinametameta au video inatoka nyeusi, na hata hapo jaribu kwanza kuweka dreva (programu inayoiwezesha Windows kutumia chipu ya picha) mpya. Fungua Device Manager, sehemu ya "Display adapters". Kwako panatakiwa pasomeke Intel HD Graphics 4400. Pakisomeka "Microsoft Basic Display Adapter", aliyeweka Windows hakuweka dreva ya picha, na prosesa inachora kila kitu peke yake. Pakua dreva kwenye tovuti ya HP au ya Intel.

YouTube ina tatizo lake la pekee kwenye laptop za umri huu. Bofya video kwa kitufe cha kulia, chagua "Stats for nerds" na usome mstari wa "Codecs". Ukianza na vp09 au av01, video imebanwa kwa mtindo ambao chipu za Intel za kizazi cha nne kama yako hazina sehemu kamili ya kuufungua, kwa hiyo prosesa ndiyo inayobeba mzigo. Ukianza na avc1, yaani H.264, chipu ya picha inaumudu bila shida. Kiendelezi cha aina ya h264ify kinailazimisha YouTube itoe avc1. Ukishakiweka pakia upya video, tazama namba ya "dropped" (picha zilizorukwa) kwenye mstari wa "Viewport / Frames" haipandi tena na CPU inashuka. Kasoro yake ni kwamba video za juu ya 1080p hutazipata kwa H.264, lakini kioo cha laptop yako hakizihitaji.

Kama CPU imejaa na kasi yake, kwenye "Performance" halafu "CPU", imeshuka mbali chini ya 1.90 GHz wakati wa kazi nzito, hilo ni joto au mpango wa umeme uliowekwa "Power saver". Badili mpango kwanza. Isiposaidia, safisha vumbi la feni na ubadili pasta ya kupitisha joto iliyo juu ya prosesa.

Sasa hela. Kama "Committed" imethibitisha kwamba RAM haitoshi, ongeza RAM kabla ya SSD (diski ya kisasa isiyozunguka), maana SSD inafanya uhamishaji wa data uwe wa haraka lakini RAM inauondoa kwa sehemu kubwa. Laptop hiyo ina nafasi mbili. Kwenye "Memory" angalia "Slots used": ikiandika 1 of 2, unanunua kipande kimoja cha GB 4 na kukiongeza, na picha pia itapata nguvu kwa sababu chipu ya Intel inatumia RAM hiyohiyo. Hakikisha lebo inasomeka PC3L-12800S. Herufi L ni muhimu: ni DDR3L ya volti 1.35. Ukiuziwa PC3 ya volti 1.5 laptop hii inaweza isiwake kabisa, na wauzaji wengi huziweka kwenye boksi moja. Angalia pia kwamba Windows yako ni ya 64-bit, kwani ya 32-bit haivuki GB 4 hata uweke 16. Kabla ya kugusa RAM, zima mashine, chomoa chaja na betri. Ingiza kipande kikiwa kimeinama, kisha kibonyeze mpaka vishikio vya pembeni vilie.

SSD ya SATA ya inchi 2.5, unene wa mm 7, ifuate hela ikipatikana. Kabla ya kuhamisha data pima diski ya zamani kwa programu ya CrystalDiskInfo. Ikionyesha "Caution" kwenye "Current Pending Sector" (sehemu za diski zinazoshindwa kusomeka), nakili mafaili yako leo hii, kwa sababu huenda huko kuganda kumechangiwa na diski inayokufa.

Ukimaliza kupima weka hapa mstari wa "Committed", asilimia za CPU na Disk wakati imeganda, na mistari mitatu ya juu ya Shift+Esc. Kwa hizo tutajua kama ni RAM au kitu kingine.