Deni lipo, tuanzie kwenye mzani

Mhariri salaam. Swali lenu la wiki hii, eti kampuni zenye hela ndefu zina deni la kuwalipa zaidi watu wao wa chini au zikishatoa kima cha chini basi zimemaliza, nimelisoma nikacheka peke yangu. Sisi tuliokaa kwenye meza za kumenya korosho huku Mtwara hicho kima cha chini tunakisikiaga redioni tu Mei Mosi.

Jibu langu ni ndiyo, wana deni. Ila naomba nianze na beseni.

Nimemenya misimu miwili kwenye kiwanda kimoja, jina naliacha. Korosho ikishabanguliwa, yaani kuvunjwa lile ganda gumu, na kupita kwenye tanuri la kukaushia inakuja mezani kwetu na ile ngozi yake ya kahawia, unaitoa na kakisu na kucha, taratibu, maana ikivunjika hiyo ni kipande na kipande huko sokoni bei yake iko mbali kabisa na nzima. Ikija imekauka vizuri ngozi inajitoa yenyewe, ila masika ikishika unyevu inang'ang'ania, unamenya mpaka saa sita beseni hata nusu halijafika. Malipo kwa kilo, enzi hizo 800, siku njema sana kilo saba.

Sasa kwenye kupima, supavaiza anakata nusu kilo anasema ni uzito wa beseni. Beseni la plastiki! Kulikuwa na bibi mmoja wa Newala anakaa meza ya nyuma, siku hiyo akamwuliza, "Mjukuu wangu, hili beseni mmelijaza mawe?" Tukacheka wote, kijana mwenyewe akacheka, halafu akakata nusu kilo yake kama kawaida. Jioni nikaondoka na beseni langu, nikapita sokoni nikamwomba muuza dagaa aliweke kwenye mzani wake. Robo kilo, tena haifiki.

Haya piga hesabu. Robo kilo kila tukipimiwa, tunapimiwa mchana na jioni, siku 26 za mwezi, kilo 13 zimeondoka kwa mtu mmoja, mara 800 ni shilingi 10,400, na pale ndani tulikuwa zaidi ya mia. Kwa mwenye mshahara wa benki elfu kumi ni vocha. Kwangu ni unga wa wiki na zaidi.

Ndo maana mtu akiniambia kampuni ikiongeza hela imefanya huruma namshangaa, huruma gani wakati hata kile tulichokubaliana hakijafika chote?

Nilienda ofisini kuuliza, sio kwa shari, dada wa watu akanijibu vizuri tu, "Mama, nyie sio wafanyakazi wetu, nyie ni wa wakala." Hapo ndo niliposhika mchezo wenyewe. Kampuni inamlipa wakala kwa kilo, wakala anatulipa sisi, na katikati pale kuna mtu ananenepa. Shemeji yangu naye analinda geti la kampuni kubwa tu, sare ya kampuni nyingine, ukiuliza mshahara wake kila upande unamwonyesha mwenzake. Mkataba wangu ulikuwa jina kwenye daftari la kaunta. Na sheria ya ajira ya 2004 inataka maandishi, inasema saa 45 kwa wiki, ukizidisha ni ovataimu mara moja na nusu, na Katiba ibara ya 23 inasema kila anayefanya kazi anastahili malipo ya haki. Mambo yapo yameandikwa zamani hayo.

Najua kuna watakaosema mkibana sana watafunga, korosho itaondoka ghafi kwenda India na Vietnam wakabangue kwa mashine. Hilo sio uongo, nyingi inaondoka ghafi hata sasa, na vikundi vya akina mama vinavyobangua kwa mkopo mi siwezi kuvidai sawasawa na tajiri wa makontena. Lakini swali lenu limesema tajiri. Na serikali yenyewe inapopanga mishahara huwa inatofautisha, kampuni kubwa ya ulinzi ina kima chake na ndogo ina chake, kwahiyo mwenye nacho kudaiwa zaidi sio wivu wangu mimi, kumbe ni jambo linalowezekana tu. Halafu huku kwetu kampuni kubwa zilivyoanza kuja na habari za gesi, kodi za vyumba zilipanda mjini hapa, tukapandishiwa hata sisi ambao gesi tunaiona kwenye habari.

Henry Ford, yule mtengeneza magari wa Marekani, mwaka 1914 alipandisha malipo ya wafanyakazi wake hadi dola 5 kwa siku, karibu mara mbili ya mwanzo, na hakuwa malaika, watu walikuwa wanamkimbia kiwandani. Kwetu msimu ukifika wanawake wanaacha meza wanaenda kuokota mashambani, supavaiza analalamika eti watu wa kusini wavivu. Wavivu gani wanaokimbilia jua la Novemba?

Sasa tumesikia serikalini kima kimetoka 370,000 kwenda 500,000 tangu Julai 2025, na sekta binafsi kimepanda asilimia 33.4 kuanzia Januari 2026. Napiga makofi kwa dhati. Ila anayelipwa kwa kilo kupitia wakala hiyo asilimia inamfikia kupitia mlango upi? Mi ningekuwa mkaguzi wa kazi nisingeanza na mafaili ya ofisini, ningeingia na beseni tupu nikaliweke mzanini mbele ya watu wote, halafu nigeuze ule mzani namba zituangalie sisi tunaomenya, maana pale zilikuwa zinamwangalia supavaiza peke yake.

Bibi wa Newala msimu wa pili hakurudi. Alisema bora akaokote kwenye mashamba ya watu, huko wanapimiana kwa ndoo, na ndoo ikijaa kila mtu anaona imejaa.