Mke wangu alipigwa eksirei na mimba changa, je maziwa yatatoa mionzi?

Swali: Asalaam aleikum daktari. Mie dereva wa trela, nakaa Changamwe. Mke wangu alikohoa karibu wiki tatu akaenda kupigwa eksirei ya kifua, siku kumi baadaye tukajua ana mimba ya wiki nane. Pale hospitali hakuna aliyemuuliza kitu. Sa mamangu asema anywe maziwa kila siku mionzi itoke, jirani naye asema mimba ishaharibika. Na mie lori langu hupita kwa skana ya kontena bandarini karibu kila wiki, mara nyingi nimebeba mchele. Je, nambebea mionzi nyumbani? Na huo mchele walika? Halafu nyuma ya nyumba yetu kuna busta ya simu.

Jibu: Waalaikum salaam ndugu yangu. Kwanza mie si daktari, mie mpiga picha, yule anayesimama nyuma ya kioo akikwambia vuta pumzi, shikilia, haya wachia. Lakini swali lako ndilo langu hasa, wamama huniuliza pale mlangoni kila wiki. Basi nikujibu kabla hujapata presha: mimba haijaharibika kwa hiyo picha, na maziwa shemeji anywe kwa raha zake, mamako hajakosea kumpa mja mzito maziwa, ila hayana mionzi ya kutoa manake hakuna iliyobaki.

Hapa ndipo watu wanapochanganya, wacha nikae kidogo. Eksirei ni mwanga, ndugu wa huu wa taa, tofauti ni kuwa una nguvu nyingi hadi wapenya nyama na kukwama kwenye mfupa. Mashine yangu haina jiwe la mionzi ndani, ina tyubu na umeme, hiyo kanuni ni ile ile tangu Röntgen aigundue kule Ujerumani mwaka 1895, na stima ikipotea (na mwaijua stima yetu) basi hakuna eksirei, naketi tu na wagonjwa tukipigwa na joto. Sasa ukizima taa chumbani, umewahi kuuona mwanga umebaki kwenye shuka? Kitu kinachobaki ni chengine kabisa, ni vumbi au dawa yenye mionzi, na hiyo ni kama udi. Ukifukiza udi moshi waenda zake lakini harufu yakaa kwenye kanzu na nywele, ukimkumbatia mtu naye anukia. Chernobyl mwaka 1986 ule ulikuwa udi, vumbi lilipeperuka likatua kwenye mashamba na nyasi za ng'ombe. Na mgonjwa wa goita akipewa ayodini 131 anywe, huyo pia ana udi wake, nusu yake hupotea kila siku 8, ndio maana huambiwa akae mbali na wajawazito na watoto wadogo kwa muda. Shemeji alipigwa taa, hakufukizwa.

Sikudanganyi lakini, mwanga wenyewe ukipita waweza kuacha alama. Ni kama jua la saa saba pale Mama Ngina, likitua haliko nawe tena, ila ngozi kama ishaungua ishaungua. Eksirei hugonga seli, mwili hurekebisha nyingi, ndio maana sisi hesabu yetu yote ni ya kiasi gani. Twapima kwa milisivati. Picha moja ya kifua ni kama 0.1 au chini ya hapo. Dunia yenyewe bila hospitali yoyote hukupa wastani wa 2.4 kwa mwaka, kutoka kwa mawe, hewa, anga, hata madafu na ndizi manake potasiamu ina mionzi yake kidogo, ndani ya mwili wako sasa hivi atomi kama 4,000 za hiyo potasiamu zapasuka kila sekunde na umekaa hapo wanywa chai. Kwa hivo hiyo picha ni kama wiki mbili za kuishi tu. Kuna wenzetu hapo Kwale karibu na kilima cha Mrima, upande wa kwenda Lunga Lunga, ardhi yao ina thoriamu, madini yenye mionzi yake yenyewe, mionzi ya asili ni mingi kuliko hapa kisiwani na wazee wao wameishi hapo tangu enzi za kaya.

Na mtoto hata hiyo 0.1 hakuipata. Tulilenga kifua, yeye yuko chini kwenye nyonga, kilichomfikia ni mabaki ya mwanga uliotawanyika, chini ya 0.01. Kuharibu viungo vya mtoto tumboni twazungumzia 100 kwenda juu, yaani mara elfu kumi zaidi. Ingekuwa ni CT skani ya tumbo, ambayo kwa mama ni kama 8 hadi 10, ningekaa na wewe tuhesabu vizuri, lakini hata hiyo moja kwa kawaida haifiki 100. Basi asije mtu akamshauri shemeji atoe mimba kwa ajili ya picha ya kifua, hayo nimeyasikia na yaniuma sana.

Ila kutoulizwa ni kosa, hapo siwatetei wenzangu hata kidogo. Mwanamke yeyote wa umri wa kuzaa yafaa aulizwe kama ana mimba na hedhi ya mwisho ilikuwa lini, sekunde kumi tu, na mlangoni pawe na ile alama ya manjano ya panga tatu kama feni. Asipoulizwa aseme mwenyewe.

Haya, skana. Ile ni eksirei pia lakini yenye nguvu zaidi, manake yapenya chuma cha kontena. Mchele haubebi kitu, kula wali wako na samaki wa nazi, huko nje viungo vya chakula hupigwa mionzi makusudi kuua wadudu na watu wanunua dukani. Wewe pia hubebi kitu nyumbani. La muhimu ni ukiambiwa shuka, shuka, usimame pale walipokuonyesha, kila ukizidisha umbali mara mbili mionzi hushuka hadi robo. Na tanboi wako asilale nyuma ya kiti lori likipigwa skana! Hilo ndilo naliogopea zaidi kuliko mchele. Sio kwamba safari moja itamuua, ila mie nayefanya kazi hii navaa beji ya kupima, kikomo changu ni milisivati 20 kwa mwaka kwa wastani wa miaka 5, raia kama nyinyi ni 1, na yeye hana beji wala hakuna anayemhesabia.

Busta, yaani mnara wa simu, hutoa mawimbi ya redio, hayana nguvu ya kuvunja chembe za mwili kama eksirei. Shirika la utafiti wa saratani la WHO liliyaweka mwaka 2011 kwenye kundi la "labda" husababisha saratani, na mie usingizi hayanikoseshi.

Sasa ndugu yangu, umeniandikia yote haya na kitu kimoja hukusema, picha yenyewe ilionyesha nini? Mtu kukohoa wiki tatu, tena mja mzito, hilo ndilo jambo. Kikohozi kikizidi wiki mbili yafaa apimwe TB kwa makohozi, picha peke yake haitoshi, na dawa za TB hospitali za serikali ni bure na mja mzito huzitumia. Kesho asubuhi kabla hujapanda lori kachukue ripoti, mpelekeni kliniki ya wajawazito nayo mkononi, na muwaambie wiki ngapi amekohoa.