Shoka lanasa kwenye mvinje, nifanyeje?

SWALI: Salaam aleikum fundi, mie niko Likoni, napasulia kuni za mvinje nyumbani lakini shoka lanasa kila nikipiga, mkono waniuma, ninunue lengine?

JIBU: Waaleikum salaam dada. Hilo lako yaonekana ni la kukatia miti, bapa lake jembamba ndo maana laingia likakwama, la kupasulia huwa zito na nene mfano wa kabari, tafuta la kilo 2 hivi. Weka kuni juu ya gogo pana, usipige katikati, anza ukingoni palipo na ufa, miguu uipanue. Na mpini ukicheza usipige hata kuni moja, tafadhali sana! Gongomea kabari mpya ya mbao, kuulowesha maji hakufai, ukikauka walegea tena.