Mstari Ukififia, Usidhani Uchafu Umeondoka

Swali: Shikamoo mwalimu. Nasoma fizikia chuoni, kwetu Lamu. Kwa mradi wangu nimepewa data za mwanga wa plazma, yaani gesi ya moto sana ambayo atomu zake zimepoteza elektroni, kutoka mtambo wa muungano wa nyuklia. Mstari wa kaboni, yaani rangi yake moja mahususi ya mwanga, wa nanomita 465 unang'aa mwanzoni, halafu plazma ikipashwa joto unakaribia kupotea. Programu niliyoipakua inaandika "kaboni 0%". Je, niandike kwamba plazma imejisafisha?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usiandike hivyo, na hiyo programu iache leo.

Mstari huo hutolewa na kaboni iliyopoteza elektroni mbili. Joto likipanda hupoteza zote sita, na ioni (atomu iliyopoteza elektroni) iliyobaki uchi haina elektroni ya kutoa mstari wowote. Kaboni yaweza kuwa bado imo, tena katikati, imechukua nafasi ya mafuta, yaani haidrojeni inayoungana. Hiyo 465 unayoiona ni ya ukingoni, palipopoa. Ili kuiona ya katikati, huingizwa mwale wa atomu za deuteriamu (haidrojeni nzito). Ioni ya kaboni huipokonya atomu elektroni moja na kung'aa kwenye nanomita 529.1. Kama data zako hazina kipimo hicho, andika kwamba kaboni ya katikati haikupimwa.

Kinachoniuma zaidi ni hili ninaloulizwa kila mara: watu kudhani mstari unaong'aa sana ndio wa kitu kilicho kingi. Chukua waya safi, uuloweshe, uuchovye kwenye jivu la kuni, kisha uushike juu ya moto wa jiko la gesi. Moto utageuka njano. Hiyo ni sodiamu, nanomita 589. Na jivu la kuni lina potasiamu nyingi kuliko sodiamu, ila zambarau yake imezama ndani ya njano. Utazame moto huo kupitia kioo cha buluu cha kobalti, zambarau itajitokeza. Hapa Malindi, kwa upepo huu wa bahari, kidole chenye jasho kikigusa waya tu moto hugeuka njano.

Turudi kwenye plazma: tangsteni, metali ya kuta za baadhi ya mitambo hiyo, nayo ina elektroni 74, na hata kwenye nyuzi milioni 150 haziishi zote. Huendelea kumwaga nishati kwa eksirei. Atomu 1 kwa takriban kila 10,000 za mafuta yatosha kuizuia plazma isijipashe joto yenyewe. Basi mstari wake hafifu usikutulize.

Kutoka mwangaza hadi kiasi kuna kazi: joto na wingi wa elektroni pale pale mwanga unapotoka, hesabu za atomu kama zile za ADAS (hazina ya data za atomu), na kifaa kilicholinganishwa na taa ambayo mwangaza wake unajulikana. Anayeyaruka hayo anabahatisha, awe kwenye maabara au sokoni. Juzi mama mmoja aliniletea asali aliyouziwa kuwa ni "safi 98%", imepimwa kwa kumulikwa na simu. Asilimia ya nini, na imelinganishwa na asali ipi? Muuzaji hakumwambia. Wapo wanaopima dhahabu vivyo hivyo, na watu wanatoa akiba zao. Mtu akikupa asilimia itokanayo na mwanga, mwambie kwanza akuonyeshe alicholinganishia.