Uraia wa Ujerumani na kiwanja cha Tanga

SWALI: Mhariri, mimi ni mwenyeji wa Tanga, na kwa miaka saba sasa ninahudumia wazee katika nyumba ya wazee jijini Hamburg. Mume wangu, Mkenya wa Mombasa, ameshapata uraia wa Ujerumani, na pasipoti zake mbili zimelala pamoja kabatini. Ananihimiza nami niombe, lakini marehemu baba aliniachia kiwanja, na moyo hauniruhusu kwenda kwa mama yangu kwa viza. Nifanyeje?
Msomaji, Hamburg

JIBU: Dada yetu, mnalala nyumba moja, lakini kwa jambo hili kila mmoja wenu anafuata sheria ya kwao. Katiba ya Kenya ya 2010 inamhakikishia raia wa kuzaliwa kwamba hapotezi uraia wake kwa kupata wa nchi nyingine, ilhali sheria ya uraia ya Tanzania ya 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili, na anayejipatia uraia wa kigeni kwa hiari yake huupoteza wa kwao.

Ujerumani yenyewe haikuzuii. Tangu tarehe 27 Juni 2024 mwombaji halazimiki kuukana uraia wake wa awali, na miaka ya kuishi nchini imepunguzwa kutoka minane hadi mitano. Cheti cha Kijerumani cha ngazi ya B1 (yaani ya kati), mtihani wa uraia wa maswali 33 ambao ukipata 17 umefaulu, uthibitisho kwamba unajikimu na ada ya yuro 255 havitamtisha mtu anayeshinda na wazee wa Kijerumani kutwa nzima.

Hesabu ngumu iko Tanga, kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya 1999 kwa kawaida humruhusu asiye raia kupata ardhi kwa ajili ya uwekezaji tu. Serikali imekwisha kuleta hadhi maalum kwa wageni wenye asili ya Tanzania, lakini hadhi hiyo si uraia, na haikupi kura. Wapo wanaoficha pasipoti mbili mkobani, usiwaige.

Kama unachotaka ni utulivu wa kazi na makazi, omba kibali cha ukaazi wa kudumu, ambacho hakigusi uraia wako. Kasoro yake ni kwamba hakikuruhusu kupiga kura ya Bunge, na kwa kawaida hufutika ukikaa nje ya Ujerumani zaidi ya miezi sita. Kwa hiyo, ukikusudia kwenda kumuuguza mama kwa mwaka mzima, omba ruhusa ya maandishi kwenye idara ya wageni kabla hujakata tiketi.