Jibu kwa mleta mada: chombo alichopakata babu yako si saksafoni

Ndugu mleta mada, umeweka picha ya babu yako akiwa ameketi na wenzake watatu mbele ya kanisa huko Old Moshi, ukauliza chombo alichopakata ni kipi, na wachangiaji wengi wamekwisha kukujibu kuwa ni saksafoni. Mimi nimepiga tarumbeta katika kikundi cha usharika wetu hapa Moshi tangu ujana, na vyombo vya namna hiyo nimevishika, nimevisafisha na hata kulehemu mabomba yake yaliyopasuka, kwa hiyo naomba nitofautiane nao.

Saksafoni, ambayo Adolphe Sax aliipatia hataza mwaka 1846, hupulizwa kupitia kijiulimi cha tete, na mwili wake umejaa vifuniko vya matundu kuanzia juu hadi chini. Katika picha yako bomba halina tundu popote, limekunjwa umbo la yai, na vidole vya babu vimelalia vijiti vitatu vifupi tu. Hicho ni chombo cha ukoo wa tarumbeta, ambacho hulia kwa mtetemo wa midomo ya mpigaji. Nadhani kilichowapoteza wenzetu ni ule mdomo mpana unaotazama juu.

Ikuze picha pale penye vidole, maana jibu liko hapo. Tarumbeta za Kiingereza na za Kifaransa kwa kawaida huwa na valvu (vifaa vya kubadilisha njia ya pumzi ndani ya bomba) za kusukuma, yaani mirija mitatu iliyosimama yenye kitufe juu ya kila mmoja, ilhali Wajerumani walipendelea valvu za kuzunguka, ambazo huonekana kama visahani vitatu vilivyopangwa mstari mmoja, vikiendeshwa kwa vijiti bapa. Katika picha yako visahani viwili vinaonekana dhahiri, na cha tatu kimefunikwa na mkono wa koti. Valvu hizo pamoja na umbo la yai ndiyo sura ya tenahoni ya Kijerumani, yaani chombo cha ukoo wa tarumbeta cha sauti ya tenori. Ipo pia flugelihoni, ndugu yake mdogo, yenye umbo hilohilo, lakini bomba lake likinyooshwa halifiki hata mita 1.5, wakati la tenahoni hukaribia mita 2.7; kwa hiyo chombo kinachomjaa mtu mzima kuanzia mapajani hadi kidevuni, kama hiki, hakiwezi kuwa flugelihoni.

Kuna aliyesema kuwa mkono unaobonyeza ni wa kushoto, hivyo ni honi ya okestra. Hoja yake ina uzito, kwa sababu honi hiyo kweli hupigwa kwa mkono wa kushoto, lakini yenyewe ni ya duara na mdomo wake hutazama nyuma. Tazama badala yake vifungo vya makoti: koti la kiume hufungwa upande wa kushoto ukiwa juu ya wa kulia, na hapa wanaume wote wanne wamefunga kinyume. Picha imechapwa kwa kugeuzwa, basi, na mkono unaobonyeza ni wa kulia.

Namna chombo hicho kilivyofika mlimani haishangazi. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, waliingia Kilimanjaro mwaka 1893, na Walutheri wa Ujerumani walikuwa na desturi ya vikundi vya tarumbeta vya kupiga tenzi. Mchungaji Johannes Kuhlo wa Bielefeld, aliyeieneza sana desturi hiyo, alisisitiza kwamba wapigaji wasome noti zilezile za kwaya, za sauti nne, bila kila chombo kuandikiwa zake. Kwa maoni yangu ndiyo sababu vyombo vinne vya pichani vina ukubwa tofauti: kila mzee alibeba sauti yake, na babu yako alikuwa tenori. Hata hivyo usiutumie mwaka huo wa 1893 kukadiria umri wa picha, kwani vyombo hivi hurithishwa na kupigwa kwa miongo mingi; mavazi yatakusaidia zaidi.

Ikiwa chombo chenyewe bado kipo nyumbani, tafuta maandishi kwenye mdomo mpana. Ukikuta jina Markneukirchen, huo ni mji wa mafundi wa ala za muziki katika jimbo la Saksonia, ambako Leipzig nayo ipo. Asikisugue mtu kwa majivu kabla hujayasoma, kwa kuwa herufi hizo huchorwa juujuu na hufutika upesi.