Maswali ya Wasomaji: Korongo Ananiwahi Kila Mara

SWALI: Ninapenda kuwapiga picha korongo na yangeyange wakivua samaki, lakini kila ninapobonyeza kitufe, kichwa cha ndege huwa kimeshazama na ninaambulia maji yaliyoruka tu. Yangeyange naye hutokea mweupe pe, bila hata unyoya mmoja kuonekana. Ninatumia kasi ya 1/500 ya sekunde. Je, ninunue kamera nyingine?

JIBU: Hapana, usinunue kwanza. Shingo ya korongo hujikunja kama herufi S kwa sababu pingili yake ya sita ni ndefu isivyo kawaida, na mkunjo huo ukifyatuka, hakuna kidole cha binadamu kinachoweza kuuwahi. Kwa hiyo anayesubiri pigo ndipo abonyeze atachelewa daima, awe na kamera ya aina yoyote. Linalotakiwa ni kuzisoma dalili zinazolitangulia.

Anapotembea tu, shingo huwa imenyooka. Akishamwona samaki, hatua husita, kiwiliwili huinama mbele polepole, shingo hurudi nyuma, na mara nyingi kichwa huelekezwa upande ili mng'ao wa maji usimzuie kuona. Hapo ndipo pa kuanza kupiga picha mfululizo, ingawa nyingi utazifuta. Ongeza kasi ifike 1/2000 au zaidi, na usiogope kupandisha ISO, yaani kiwango cha kamera kuhisi mwanga, kwani chengachenga zinazojitokeza kwenye picha hupunguzwa baadaye kwa programu, ilhali ukungu wa mwendo hautoki.

Weupe uliopitiliza husababishwa na maji meusi yanayoijaza fremu: kamera hudhani pana giza, ikaongeza mwanga, na ndege akaungua. Punguza mwangaza kwa hatua moja (-1) kwenye mpangilio wa kamera, kisha ukuze picha kwenye kioo na uhakikishe kwamba manyoya ya mgongoni yanaonekana.

Usishushe kamera baada ya pigo. Korongo humgeuza samaki mdomoni ili ammeze kwa kutanguliza kichwa, mapezi yasije yakamkwama kooni, na shughuli hiyo huchukua muda wa kukutosha. Kwangu mimi, picha hizo hueleza uwindaji vizuri kuliko lile pigo lenyewe. Ukibahatika kumpata korongo mweusi wa Afrika, yule anayekunjua mabawa yakawa mwavuli juu ya maji, lala chini kabisa, kwa maana kila kitu hutendeka ndani ya kivuli hicho na anayepiga akiwa amesimama huona mgongo tu.

Kuhusu umbali, ndege ndiye anayeamua. Akiinua shingo wima na kukukodolea macho badala ya kuyatazama maji, umeshamkatizia mlo, hivyo rudi nyuma taratibu hadi aendelee kuwinda. Viota usivisogelee kamwe, kwa kuwa wazazi wakiruka, mayai na makinda hubaki wazi kwa jua kali na kunguru.